Jumanne: Lutu Apima Bonde

Soma Mwanzo 13:5–13. Lutu aliangalia nini alipochagua mahali pa kuishi? Ni jambo gani ambalo hakuliuliza?

Lutu alikuwa na hoja ya kweli. Malisho hayakutosha, na wachungaji walikuwa wanagombana. Bonde la Yordani lilikuwa na maji tele, na mfugaji yeyote angelitamani. Tusimhukumu haraka: Abramu naye alikuwa tajiri (fungu la 2), na Biblia haimlaumu mtu kwa kutafuta malisho mazuri. Lakini fungu la 13 linataja jambo lisilokuwamo katika hesabu ya Lutu, yaani watu wa Sodoma. Alipima nyasi, hakupima mahali zilipoota.

Tumfikirie mshiriki anayeshona nguo katika karakana ndogo Mbagala, Dar es Salaam. Huenda kazini kwa miguu, hula mchana nyumbani, na kazi anaipenda. Sasa kiwanda kilicho upande wa pili wa jiji kinamwahidi shilingi 200,000 zaidi kwa mwezi.

Soma Luka 14:28 na Mhubiri 4:6. Mafungu haya yanamsaidiaje mtu kama huyu?

Yesu anazungumzia gharama ya kumfuata, lakini mfano wake ni wa mtu mwenye busara ya kawaida: huketi kwanza akahesabu. Basi tuhesabu. Tuseme daladala mbili kwenda na mbili kurudi ni shilingi 2,800 kwa siku. Kwa siku 22 ni 61,600. Chakula cha mchana cha 3,000 ni 66,000. Zaka ya nyongeza hiyo ni 20,000. Zinabaki 52,400. Ili azipate ameongeza saa tatu za safari kila siku, yaani saa 66 kwa mwezi. Kila saa imemlipa chini ya shilingi 800, na nyingi kati ya hizo amesimama.

Halafu kuna Ijumaa. Mwezi wa Juni jua huzama Dar es Salaam kama saa 12:15 jioni. Anayetoka kazini saa 11 na kusafiri saa moja na nusu ataipokea Sabato ndani ya daladala, hata siku ambayo foleni si mbaya. Familia itaimba bila yeye. Mwajiri hajamkataza kushika Sabato. Barabara ndiyo imemchelewesha.

Hata hivyo, shilingi 52,400 huonekana ndogo kwa aliyeshiba. Kwa mjane anayedaiwa sare na michango ya shule, zinaweza kuwa ndiyo matunzo yanayotajwa katika 1 Timotheo 5:8. Huyo asihukumiwe na darasa. Asaidiwe kuuliza mapema: Je, naweza kutoka saa 9 siku ya Ijumaa na kufidia saa hizo siku nyingine? Je, kuna chumba cha kupanga karibu na kiwanda, na kodi yake ni kiasi gani? Maswali haya huulizwa kabla ya kusaini mkataba.

Kama darasa lenu lingeombwa ushauri na mshonaji huyu, mngetaka kujua nini zaidi kabla ya kumjibu? Na kama angekuwa mjane yule, kanisa lingeweza kubeba sehemu gani ya mzigo wake ili asilazimike kwenda?