Pumu ya Ngozi: Je, Mafuta ya Nazi Yatosha?

Swali: Mtoto wa miaka 3 huku Kikoneni hujikuna usiku kucha kwenye mikunjo ya viwiko na nyuma ya magoti. Je, mafuta ya nazi yatamponya?

Jibu: Dalili hizo zaelekea kuwa za pumu ya ngozi, yaani maradhi ambamo ngozi hushindwa kuhifadhi unyevu wake, ikakauka, ikavimba na kuwasha. Maradhi haya hayaambukizi, na ingawa hayana dawa ya kuyamaliza, watoto wengi hupata nafuu wanapokua. Mafuta ya nazi hulainisha ngozi, lakini hayatoshi kutuliza uvimbe uliokwisha kuanza. Apakwe mafuta hayo, au vaselini isiyo na manukato, mara tu atokapo kuoga, ngozi ikiwa bado na majimaji, na sabuni ya mche, ambayo kazi yake ni kufulia, isimguse. Palipovimba hupakwa haidrokotisoni ya asilimia 1, dawa ipunguzayo uvimbe, kwa siku chache na kwa maelekezo ya mhudumu wa afya. Krimu za kung'arisha ngozi, ambazo baadhi yake huchanganywa kiholela na dawa kali zaidi za jamii ya haidrokotisoni, hukondesha ngozi na hazimfai mtoto hata kidogo. Hata hivyo, vipele vikitokea katikati ya vidole, na wengine nyumbani wakiwashwa, huenda ukawa ni upele unaoambukiza, ambao hutibiwa kwa watu wote wa nyumba kwa wakati mmoja. Ngozi ikitoa usaha, au mtoto akishikwa na homa, apelekwe kituo cha afya cha Kikoneni au hospitali ya Msambweni siku hiyohiyo.