Kitenzi cha Kiswahili Mbele ya Kompyuta

Isimu ya kompyuta huchunguza jinsi mashine inavyoweza kuchambua na kutunga lugha ya binadamu. Taaluma hii huchota katika sarufi, mantiki na hisabati, na hapo ndipo mwanafunzi wa shahada ya kwanza anapokwama: wa lugha huziogopa fomula, wa hisabati hudhani sarufi ni ya kukariri tu. Mhadhiri aanzaye na fomula hupoteza wengi mapema.

Heri aanze na kitenzi. Mzizi -pend- una viambishi sita vya nafsi ya mtenda: ni-, u-, a-, tu-, m- na wa-. Vya wakati tuchukue vinne: -na-, -li-, -ta- na -me-. Mtendwa huonyeshwa kwa -ni-, -ku-, -m-, -tu- au -wa-, ama hatajwi kabisa. Hizo ni njia sita. Basi 6 × 4 × 6 ni 144. Karatasi moja imezaa maneno 144 kabla kompyuta haijawashwa. Hata hivyo, miongoni mwayo limo "ninanipenda", ambalo hakuna Mswahili alisemaye. Mwanafunzi wa lugha atatunga kanuni ya kulizuia na kuweka -ji- mahali pake. Mwenzake wa hisabati atahesabu upya. Tayari wanahitajiana.

Kuchambua ni kugumu kuliko kutunga. Mashine ipewe "wametukana". Yaweza kulikata wa-me-tukan-a, yaani wametoa matusi, au wa-me-tu-kan-a, yaani wamesema hawatujui. Kanuni zimetimizwa mara zote mbili! Ushahidi wa mahakamani ukitafsiriwa hivyo, mtu aweza kushtakiwa kwa tusi asilolitoa. Hapana budi kutazama maneno jirani na kuhesabu, katika maandishi mengi, ni maana ipi huandamana nayo. Hivyo takwimu huingia darasani kwa kuhitajiwa.

Njia ya kanuni si ngeni. Mwaka 1983 Kimmo Koskenniemi wa Ufini alieleza mfumo wa kuchambua maumbo ya maneno kwa kompyuta, na Arvi Hurskainen wa Chuo Kikuu cha Helsinki akautumia kwa Kiswahili; makala yake ilichapishwa mwaka 1992. Ajabu kidogo, kwamba kitenzi chetu kilipata mashine penye theluji.

Zoezi: Katika "anawapenda", kiambishi -wa- ni wao au ninyi? Andika sentensi mbili zinazoamua jambo hilo, kisha taja neno lililoamua katika kila moja.