Ubatizo ni Zawadi kwa Mtoto, ni Deni kwa Usharika

Somo la robo hii kwa kamati za sharika na marafiki wa kazi zetu

Neno la msingi: Matendo ya Mitume 2:38–39

Katika somo hili tunapenda tutafakari pamoja juu ya Ubatizo Mtakatifu. Huenda mtu akauliza: jarida la maendeleo linahusianaje na ubatizo? Jibu letu linatokana na jambo lililotukuta wenyewe tukiwa kazini.

Jambo lililotukuta

Tulikuwa tumekaa na kamati ya usharika mmoja kuandaa orodha ya watoto watakaosaidiwa sare na madaftari. Ili kazi iende haraka, sisi wa ofisi ya miradi tulikuwa tumeelekeza kwamba orodha itokane na kitabu cha ubatizo. Majina yalipokuwa yakisomwa, bibi mmoja aliyekuja na mjukuu wake aliuliza mbona hajasikia jina la mtoto. Katibu alipekua kurasa, kisha akamjibu kwa upole, "Bibi, mjukuu wako hayumo humu." Bibi akasema, "Najua, mwanangu. Mama yake hana ndoa, na bahasha zetu za ahadi hatujazimaliza. Tuliambiwa tusubiri kwanza."

Tulikaa kimya. Mtoto yule alikuwa haachi kuhudhuria Shule ya Jumapili. Alikosa ubatizo kwa sababu ya mambo ya watu wazima, na sasa alikuwa anakosa daftari kwa sababu hakubatizwa. Kosa hili la pili lilikuwa letu. Huduma ya diakonia hutolewa kwa mhitaji, awe amebatizwa au la, awe Mkristo au la. Jina lake liliongezwa siku ile ile, na tangu hapo orodha zetu zinaanzia kwa walimu wa shule na viongozi wa vitongoji. Lakini lile kosa la kwanza halirekebishwi kwa kalamu. Linahitaji tujifunze upya ubatizo ni nini.

Ubatizo ni kazi ya Mungu

Martin Luther alizaliwa Eisleben, Ujerumani, tarehe 10 Novemba 1483. Kesho yake alibatizwa, akapewa jina la Mtakatifu Martin, kwa kuwa siku ile ilikuwa ya kumkumbuka huyo mtakatifu. Mtoto wa siku moja hana imani ya kujivunia, hana matendo, hana sadaka. Huletwa mikononi mwa wengine, naye hupokea tu.

Katika Katekisimo Ndogo ya mwaka 1529 Luther alifundisha kwamba ubatizo si maji matupu, bali ni maji yaliyounganishwa na agizo na Neno la Mungu. Faida yake ni ondoleo la dhambi, kuokolewa na mauti na Ibilisi, na uzima wa milele kwa wote waaminio. Maji peke yake hayawezi kufanya makuu hayo. Neno la Mungu ndilo lifanyalo. Mchungaji hutumia mkono wake, lakini anayebatiza hasa ni Mungu. Mtume Paulo naye anamwandikia Tito kwamba tuliokolewa kwa rehema ya Mungu, si kwa matendo ya haki tuliyoyatenda sisi (Tito 3:5).

Kwa sababu hiyo Ungamo la Augsburg la mwaka 1530, katika kifungu cha 9, linafundisha kwamba watoto nao wabatizwe, kwa kuwa kwa ubatizo wanakabidhiwa kwa Mungu na kupokelewa katika neema yake.

Kanisa la kwanza lilifanyaje?

Kule Filipi, Lidia alibatizwa pamoja na nyumba yake, na mlinzi wa gereza pamoja na watu wake wote, tena usiku ule ule (Matendo 16:15, 33). Andiko la kale liitwalo Didake, yaani Mafundisho ya Mitume Kumi na Wawili, linaelekeza kubatiza katika maji yanayotiririka. Yasipokuwapo, yatumike maji mengine; ya baridi yakishindikana, hata ya moto; na yakiwa haba, yamiminwe kichwani mara tatu. Sisi tunaofanya kazi kwenye vijiji ambako ndoo moja ya maji hutafutwa asubuhi nzima tunaona jambo muhimu hapa: tangu mwanzo Kanisa lilitafuta njia ya kumfikishia mtu ubatizo, si sababu ya kumzuia.

Katikati ya karne ya 3, askofu mmoja aitwaye Fido alitaka watoto wachanga wasubiri hadi siku ya nane ndipo wabatizwe. Askofu Kipriano wa Karthago, katika nchi ambayo leo ni Tunisia, pamoja na maaskofu wenzake walikaa katika mkutano wakakataa. Walisema rehema na neema ya Mungu isinyimwe mtu yeyote aliyezaliwa.

Yupo pia Augustino, Mwafrika mwenzetu, aliyekuja kuwa askofu wa Hippo. Alibatizwa na Ambrosio kule Milano wakati wa Pasaka ya mwaka 387, akiwa mtu mzima. Pamoja naye alibatizwa mwanawe Adeodato, kijana aliyezaliwa na mwanamke ambaye Augustino hakuwa amefunga naye ndoa. Jina Adeodato maana yake ni "aliyetolewa na Mungu". Kanisa lilimpokea baba na toba yake, likampokea na mtoto. Halikumwandika mtoto kwa jina la kosa la wazazi wake.

Je, mzazi asionywe?

Baadhi ya wazee wa kanisa wametuuliza swali hili, nalo ni swali la haki. Wanasema: tukibatiza watoto wote, utaratibu wa ndoa utakuwa na maana gani? Nani atamlea mtoto katika imani? Na usharika utaendeshwaje watu wasipotoa?

Kwanza, malezi ya mzazi na ubatizo wa mtoto ni mambo mawili. Mchungaji na Baraza la Wazee wana wajibu wa kumwendea mzazi, kumshauri na kumrejesha kundini. Lakini nabii Ezekieli amekwisha kutuambia kwamba mwana hatauchukua uovu wa baba yake (Ezekieli 18:20). Aidha, tuone ni nani hasa anayeadhibiwa. Mara nyingi ni mama aliyebaki na mtoto. Baba anaendelea kukaa kwenye benchi lake.

Pili, ni kweli kwamba mtoto asibatizwe kisha akaachwa bila kufundishwa. Lakini dawa ya hilo ni kumtafutia mlezi na wasimamizi, si kumfungia mlango. Bibi yule aliyemleta mjukuu wake Shule ya Jumapili kila wiki alikuwa tayari anaifanya kazi ya msimamizi.

Tatu, kuhusu michango. Zaka na ahadi ni matunda ya shukrani, nasi tunaendelea kuzihimiza. Bila hizo hata miradi hii isingesimama. Hata hivyo Simoni wa Samaria alipotaka kupata kwa fedha kile ambacho Mungu hutoa bure, Petro alimkemea vikali (Matendo 8:18–20). Onyo hilo linatuhusu na sisi tunaoshika daftari la mapato.

Deni la usharika

Zawadi haina bei kwa mtoto, lakini inatuachia sisi deni. Wazazi na wasimamizi wanapojibu maswali mbele ya madhabahu, usharika mzima unasimama kuwa shahidi. Katika Warumi 6:3–4 Paulo anaeleza kwamba tulizikwa na Kristo kwa ubatizo ili tuenende katika upya wa uzima. Mtoto atauonaje huo upya wa uzima kama ana njaa, hasomi, au anapigwa nyumbani, na hakuna hata mmoja wetu anayejua? Hapo ndipo ubatizo na maendeleo vinapokutana.

Hivyo basi, tunapendekeza kamati zifanye yafuatayo:

(a) Kutenganisha kabisa ubatizo na madeni ya ahadi au michango ya aina yoyote.

(b) Kuwatembelea wazazi wanaochelewesha ubatizo kwa kukosa fedha za sherehe na nguo mpya. Maji na Neno vinatosha. Pilau si sehemu ya Sakramenti.

(c) Kuchagua wasimamizi wanaoishi karibu na mtoto na wanaoweza kumfuatilia, badala ya kutafuta wenye uwezo wa zawadi kubwa.

(d) Kukifungua kitabu cha ubatizo kila mwaka, kusoma majina ya watoto waliofikia umri wa mafundisho ya Kipaimara, na kuuliza juu ya kila mmoja: yuko wapi, anasoma, anaishi na nani?

(e) Kumuuliza mzazi kama mtoto ana cheti cha kuzaliwa. Sheria ya Mtoto ya mwaka 2009 inampa kila mtoto haki ya jina na ya kuandikishwa kuzaliwa kwake. Cheti cha ubatizo si cheti cha kuzaliwa, ingawa kinaweza kusaidia kuthibitisha taarifa za mtoto. Kwa hiyo majina na tarehe viandikwe kwa uangalifu.

(f) Kuwafundisha Wakristo ubatizo wa dharura. Mtoto akiwa katika hatari ya kufa na mchungaji yuko mbali, Mkristo yeyote anaweza kumbatiza kwa maji, akitaja Jina la Baba, na la Mwana, na la Roho Mtakatifu. Baadaye mchungaji aarifiwe ili jina liingizwe kitabuni. Mtoto akipona habatizwi tena.

Kwa marafiki wetu mnaotuchangia: daftari, tangi la maji au karo mnayotoa haimnunulii mtu nafasi kanisani, wala haitolewi kwa waliobatizwa peke yao. Inatusaidia sisi tuliobatizwa kulipa deni letu kwa jirani.

Maswali ya kujadili katika kamati

1. Je, katika usharika wetu yuko mtoto ambaye hajabatizwa kwa sababu ya ndoa au michango ya wazazi wake? Nani atakwenda kwao wiki hii?

2. Nani kati yetu ni msimamizi wa ubatizo? Mara ya mwisho ulimtembelea lini mtoto wako wa ubatizo?

3. Tukifungua kitabu cha ubatizo cha miaka 10 iliyopita, ni majina mangapi tutaweza kuyaeleza?

Mjukuu wa yule bibi alibatizwa kwenye ibada ya Jumapili, bibi akiwa mmoja wa wasimamizi wake. Wazee wa kanisa ndio waliomwendea nyumbani. Tunawaomba nanyi mwanze kwa kutembea hivyo hivyo, nyumba kwa nyumba.

Bwana awabariki na kuwalinda.