Ugonjwa Ukiingia Kijijini, Kikundi Kiseme Nini?



Tuanze na kisa tulichokiona wenyewe. Kipindupindu kilikuwa kimeingia katika kijiji tulichokuwa tukitembelea. Jumatatu viongozi wa kikundi walijua kwamba nyumbani kwa mwanachama mmoja watu wawili wanaharisha vibaya. Wakanyamaza, kwa sababu Alhamisi ilikuwa siku ya merry-go-round na waliogopa michango itapungua. Watu wakaja, wakala pamoja, wakaenda zao. Kufikia Jumapili nyumba nyingine nne zilikuwa na wagonjwa. Sisi nasi tulikuwa tumesikia fununu, na hatukuuliza. Jambo hilo bado linatuuma.

Kunyamaza ni kosa. Lakini kutisha watu pia ni kosa. Ebola ilipoenea Guinea, Liberia na Sierra Leone mwaka 2014, matangazo mengi ya mwanzo yalisema kwamba ugonjwa huu unaua na hauna dawa. Basi watu wakajiuliza, kama hakuna dawa, hospitali ya nini? Wengi wakawaficha wagonjwa na kuzika usiku. Baadaye ujumbe ulibadilika, kwamba anayetibiwa mapema ana nafasi kubwa zaidi ya kupona. Viongozi wa dini nao waliitwa kusaidia kupanga mazishi salama yenye heshima, na familia zikaruhusiwa kuomba kwa ajili ya wafu wao. Hata hivyo, kufikia mwaka 2016 watu zaidi ya 11,000 walikuwa wamekufa.

Kwa hivyo, kikundi kifanye hivi:

1. Kiseme mapema, siku hiyo hiyo. Mwenyekiti amwone kwanza mhudumu wa afya wa jamii, ndipo awaambie wanachama.

2. Kiseme kinachojulikana na kisichojulikana. Tusibahatishe. "Bado hatujui, tutawaambia kesho" ni jibu zuri, mradi kesho mrudi kweli.

3. Kila habari iwe na la kufanya. Kwa kipindupindu: chemsha maji ya kunywa, nawa mikono kwa sabuni, tumia choo. Anayeharisha anyweshwe maji ya chumvi na sukari: lita moja ya maji safi, vijiko vidogo sita vya sukari, na nusu kijiko kidogo cha chumvi, vyote vya kusawazishwa. Apelekwe kituo cha afya mara moja, akiendelea kunywa njiani.

4. Kisitangaze jina la mgonjwa. Akiaibishwa mmoja, wengine watajificha.

5. Kisikilize. Mama akiuliza kama dawa ya maji inazuia kuzaa, msimcheke. Mjibuni.

Na michango je? Itumwe kwa M-Pesa, au mkutano usogezwe mbele. Pesa itangoja.

Maswali ya kujadiliana:
– Kwetu, nani huaminiwa akisema habari ya ugonjwa?
– Mwanachama asiye na simu atapataje habari siku hiyo hiyo?
– Tumewahi kuficha nini, na nani aliumia?