"Mtandao Haupo": Kauli Moja, Hitilafu Tano

Utangulizi

Mwanafunzi anayetumia mfumo-endeshi wa Linux katika kipakatalishi chake huenda akakumbana na tatizo la kadi ya mtandao usiotumia waya. Akiulizwa kuna nini, hujibu: "Mtandao haupo." Kisarufi kauli hii ni timamu, kimaana ni butu. Nomino "mtandao" imebebeshwa dhana nyingi: kifaa kilichomo ndani ya tarakilishi, mawimbi ya redio yaliyo hewani, ruta ya bwenini, na hata intaneti yenyewe. Mzungumzaji akizikana zote kwa pamoja, msaidizi hajui aanzie wapi, na aghalabu hushauri mfumo usakinishwe upya. Kazi ya siku nzima, pamoja na hatari ya kupoteza tasnifu, hufanywa ili kutibu kasoro ambayo pengine ingeondolewa kwa kubonyeza kitufe kimoja. Makala hii inanuia kuipambanua kauli hiyo katika hitilafu tano, kwa utaratibu unaoanzia kwenye kifaa na kuishia kwenye intaneti.

1. Kadi haionekani

Hatua ya kwanza ni kuthibitisha kwamba mfumo unaiona kadi. Amri lspci -nnk huorodhesha vifaa vya PCI. Lsusb huorodhesha vilivyounganishwa kwa njia ya USB. Kila kifaa huwa na nambari ya mtengenezaji: katika orodha ya PCI, 8086 ni Intel na 14e4 ni Broadcom. Nambari hii ni ya kuaminika kuliko jina lililobandikwa kwenye kasha, kwa kuwa bidhaa za jina moja huweza kuwa na chipu tofauti ndani. Kadi isipoorodheshwa popote, uchunguzi uelekezwe kwenye kifaa chenyewe au mipangilio ya BIOS. Kusakinisha kiendeshi hakutasaidia.

2. Kadi haina kiendeshi au programu dhibiti

Hapa pana dhana mbili zinazochanganywa mno. Kiendeshi hufanya kazi ndani ya kiini cha Linux na kuzungumza na kadi. Programu dhibiti hupakiwa ndani ya kadi na kutekelezwa humo. Kiendeshi chaweza kuwapo huku programu dhibiti ikikosekana, na kadi ikabaki bubu. Amri lspci -nnk hutaja kiendeshi kinachotumika, ilhali sudo dmesg huonyesha kumbukumbu za kiini. Dalili ya mvua ni mawingu: mstari unaosema kwamba faili ya programu dhibiti haikupatikana hutaja pia jina la faili hiyo, na jina hilo ndilo la kutafutwa.

Kadi za Broadcom ni mfano bora. Kwa miaka mingi kampuni hiyo haikutoa maelezo ya ndani ya kadi zake, kwa hiyo wanaprogramu wa kujitolea walizichunguza wenyewe. Kiendeshi walichokiunda kiliingizwa katika Linux 2.6.17 mwaka wa 2006, na baadaye kikarithiwa na b43. Mwaka wa 2010 Broadcom ilitoa kiendeshi huria kwa baadhi ya kadi zake mpya zaidi. Hata hivyo, b43 huhitaji programu dhibiti ambayo Debian haiisambazi; kifurushi cha firmware-b43-installer huipakua kutoka kwenye intaneti. Hapo ndipo penye kitendawili: intaneti inahitajika ili intaneti ipatikane. Jawabu ni kutumia kebo ya mtandao, au simu iliyounganishwa kwa waya wa USB, hadi kifurushi kipatikane. Kwa kadi nyingi za Intel, firmware-iwlwifi hutosha; na tangu Debian 12 ya mwaka wa 2023, diski rasmi ya usakinishaji huja na programu dhibiti nyingi za aina hiyo.

3. Redio imezimwa

Amri rfkill list huonyesha vizuizi vya aina mbili. Kizuizi laini huwekwa na programu, na huondolewa kwa rfkill unblock wifi. Kizuizi kigumu hutokana na swichi au kitufe cha kipakatalishi, na hakuna amri itakayokiondoa. Ni kidole tu.

4. Kadi haijajiunga

Iwapo nmcli device wifi list inaonyesha majina ya mitandao, kadi ni nzima. Kinachosalia ni neno la siri au utaratibu wa utambulisho. Katika mitandao ya vyuo kama eduroam, ambayo nchini Kenya huratibiwa na KENET, kila mtumiaji hujitambulisha kwa jina lake. Saa ya tarakilishi ikaguliwe pia, kwani tarehe isiyo sahihi huweza kufanya cheti cha seva kikataliwe.

5. Anwani au majina hayapatikani

Amri ip address huonyesha iwapo kadi imepewa anwani, na ip route hutaja lango. Lango lipimwe kwanza kwa ping, kisha 8.8.8.8, kisha jina la tovuti. Nambari ikijibu na jina lisijibu, kasoro iko katika DNS, huduma inayogeuza majina kuwa nambari. Kadi haina hatia.

Hitimisho

Imedhihirika kwamba tatizo si la ufundi pekee, bali ni la istilahi pia. Kiswahili hakikosi maneno ya kuzitenga hitilafu hizi. Kinachokosekana ni mazoea ya kuyatumia. Asemaye "redio imezimwa" amekwisha kuitaja tiba, na asemaye "mtandao haupo" angali mlangoni.

Zoezi

1. Tofautisha "kiendeshi" na "programu dhibiti", kisha ueleze athari ya kuziita dhana zote mbili "programu".
2. Mtumiaji anaona majina ya mitandao lakini hafungui tovuti yoyote. Ni hitilafu zipi kati ya tano zinazoweza kuondolewa katika uchunguzi, na kwa nini?