MAFUNZO YA MOTOKAA: USUKANI MGUMU NA SABABU ZAKE

Dereva auonaye usukani wake kuwa mzito kuliko desturi asidhani kwamba ni uchovu wa mikono yake. Usukani wa motokaa nzima hauwi mgumu bila sababu. Na sababu hiyo, ikipuuzwa, huweza kumshinda katika kona kali, mahali ambapo hana nafasi ya kumwita fundi. Jambo la kukumbuka ni moja: uchunguzi uanzie chini, kwenye tairi, kisha upande juu hatua kwa hatua. Aanzaye kwa kununua vyombo vya thamani huenda akapoteza fedha zake bure, na kumbe kilichopungua ni upepo tu.

Tairi

Tairi iliyopungua upepo hulala na kushika barabara kwa upana mkubwa zaidi. Kwa hiyo usukani huwa mzito, hasa motokaa inapogeuzwa polepole mahali pembamba. Upepo upimwe asubuhi, tairi zikiwa baridi. Kipimo chake huandikwa katika kitabu cha motokaa, na mara nyingi pia kwenye nguzo ya mlango wa dereva. Motokaa ndogo nyingi huhitaji ratili 30 hivi kwa kila inchi ya mraba. Ikiwa upepo ni sawa lakini motokaa yavuta upande mmoja, huenda magurudumu yamepotoka kwa kugonga mashimo, na hapo kazi ni ya fundi wa alaimenti.

Jaribio la jeki

Tairi zikiwa hazina kosa, motokaa isimamishwe mahali tambarare, breki ya mkono ivutwe, na mawe yawekwe mbele na nyuma ya magurudumu ya nyuma. Kisha upande wa mbele uinuliwe na kuegemezwa juu ya stendi imara. Mtu asiingie kamwe chini ya motokaa iliyoshikwa na jeki peke yake. Injini ikiwa imezimwa, na ufunguo umezungushwa ili komeo la usukani lifunguke, usukani uzungushwe taratibu kutoka mwisho mmoja hadi wa pili.

Ukizunguka bila kukwama, ugonjwa haumo katika viungo. Uko kwenye tairi, katika alaimenti, au katika msaada wa usukani utakaoelezwa hapa chini. Lakini ukikwama, au ukikwaruza mahali fulani, basi kiungo kimeshika kutu au kimekauka grisi, au meno yaliyo ndani ya boksi la usukani yamelika. Viungo vyenye chuchu za grisi vipigwe grisi. Vile vilivyofungwa kabisa havina dawa ila kubadilishwa.

Msaada wa mafuta na wa umeme

Zamani dereva aligeuza magurudumu kwa nguvu za mikono yake tu. Mwaka 1951 kampuni ya Chrysler ya Marekani ilianza kuuza motokaa ya Imperial yenye usukani usaidiwao na mafuta, na mwaka 1988 Suzuki ya Japani ikaleta msaada wa umeme katika motokaa ndogo ya Cervo.

Katika namna ya kwanza, injini huzungusha pampu kwa mkanda, nayo pampu husukuma mafuta yamsaidie dereva. Basi chupa ya mafuta hayo itazamwe: mafuta yawe kati ya alama ya chini na ya juu. Yakipungua, mvujo utafutwe katika mipira na viungo vyake, maana kuongeza mafuta kila siku si kutengeneza. Yatiwe mafuta ya aina iliyotajwa na waundaji. Ya breki yasitiwe kamwe, kwani huharibu mipira ya ndani. Mlio mkali wakati wa kukata kona mara nyingi ni wa mkanda uliolegea au kuchakaa. Mafuta yakitoa povu na pampu ikikoroma, hewa imeingia.

Katika namna ya pili hakuna mafuta wala mkanda. Taa ya onyo ikiwaka, betri na fyuzi zikaguliwe kwanza, kisha fundi mwenye chombo cha kusoma makosa ya umeme aitwe.

Hatari ya mteremko

Wako madereva ambao, wateremkapo kutoka Limuru kuelekea Mai Mahiu, huzima injini ili wabane petroli. Hiyo ni akiba ya kununua msiba. Injini ikizimika, pampu ya mafuta husimama, na usukani huwa mzito ghafula. Msaada wa breki nao huisha baada ya kukanyaga mara chache. Na ufunguo ukichomolewa, usukani waweza kujifunga kabisa. Katika mteremko injini na iachwe ikinguruma, na gia iwe ya chini.

Ikitokea kwamba injini imejizima yenyewe, dereva asifadhaike. Usukani huo ungali umeungana na magurudumu kwa chuma. Ni msaada tu uliokoma. Aushike kwa mikono miwili na kuugeuza kwa nguvu, akanyage breki mara moja kwa uthabiti bila kuiachia na kuirudia, kisha aegeshe kando ya barabara.

Naye auonaye usukani umekuwa mgumu ghafula, au ukikwama kisha ukiachia, asiendelee na safari hata kama nyumbani ni karibu. Tairi hupimwa upepo kwa dakika chache, na mkanda hubadilishwa kwa fedha kidogo. Usipoziba ufa utajenga ukuta. Na katika motokaa, huenda wa kuujenga ukuta huo asiwepo tena.