LORI LA WAYA: SOMO LA KAZI YA MIKONO KWA WAZAZI NA VIKUNDI

Somo la safari hii ni kutengeneza vitu vidogo vya mfano, kama vile lori la waya au nyumba ya katoni. Msione ni mambo ya watoto mkafunua ukurasa. Ni somo la mzazi, na kule mwisho ni somo la kikundi chenyewe.

Mtakumbuka mwaka wa 2020. Mgonjwa wa kwanza wa korona hapa Kenya alitangazwa tarehe 13 Machi. Tarehe 16 shule zikaanza kufungwa. Tarehe 27 kafyu ikaanza, kila mtu awe ndani kutoka saa moja jioni hadi saa kumi na moja alfajiri. Wengi wetu tulifikiri ni mambo ya mwezi mmoja tu. Kumbe! Gredi ya 4, Darasa la 8 na Kidato cha 4 walirudi Oktoba, na wale wengine wakangoja mpaka tarehe 4 Januari 2021. Hiyo ni miezi tisa na zaidi. Hata kanisani watoto hawakuwa na nafasi. Nyumba za ibada ziliporuhusiwa kufunguliwa Julai 2020, ilikuwa watu 100 kwa saa moja peke yake, na walio chini ya miaka 13 waliambiwa wakae nyumbani. Shule ya Jumapili hakuna. Sisi wa Mwea tuna sababu ya kuikumbuka kafyu kuliko wengine, maana ilikuja kuondolewa hapa hapa kwetu, katika uwanja wa Wang'uru, Sikukuu ya Mashujaa tarehe 20 Oktoba 2021.

Sasa jiulize. Mtoto wa Mwea asipokuwa na shule, huenda wapi? Huenda mferejini. Huko anaoga, anavua samaki, anaruka kutoka ukingo mmoja hadi mwingine. Na maji yetu, yanayotupatia mpunga na karo ya shule, yana mambo mawili mabaya. La kwanza ni kuzama, na halihitaji maelezo. La pili ni kichocho, ule ugonjwa ambao wengi huuita bilhazia. Mwea inajulikana kwa kichocho cha matumbo. Mtu mwenye ugonjwa akienda haja karibu na maji, mayai huingia majini, vijidudu vikaingia ndani ya konokono na kuongezeka humo, halafu hutoka na kupenya ngozi ya anayeingia majini. Si lazima mtoto ayanywe. Akisimama humo akicheza, yatosha. Kumwambia "usiende mferejini" bila kumpa kitu kingine cha kufanya ni kupoteza pumzi, na hilo mzazi yeyote wa Thiba au Tebere anajua.

Ndiyo sababu tunaleta habari ya waya.

Gari la waya si jambo geni. Wazee wetu walilitengeneza wakiwa wadogo wakichunga mbuzi, na ukienda Malawi utawakuta watoto wakiliita galimoto. Wakati wa korona watu wa nchi tajiri pia walikimbilia kazi kama hii. Uingereza, watu wazima waliofungiwa ndani walinunua kwa wingi visanduku vya Airfix vyenye vipande vya plastiki vya ndege na meli, wakakaa mezani na gundi na brashi, jioni baada ya jioni. Ndege nyingi za aina hiyo hupimwa moja kwa 72, yaani kila sentimita 72 za ndege yenyewe zinakuwa sentimita 1 tu mezani. Hapa kwetu kisanduku hakuna, lakini vipande vimejaa uwanjani. Na wako watoto waliokwenda mbali zaidi ya mchezo. Mvulana wa miaka 9 wa Bungoma alitengeneza kwa mbao kifaa cha kunawia mikono unachokikanyaga kwa mguu ili usiguse mtungi, na Serikali ikamtunuku mwezi wa Juni 2020.

Anayesema hii si kazi ya mtu wa Mungu na afungue kitabu cha Ezekieli, mwisho wa sura ya 3 na mwanzo wa sura ya 4. Nabii anaambiwa ajifungie ndani ya nyumba yake. Halafu akiwa katika hali hiyo anaambiwa achukue tofali, achore juu yake mji wa Yerusalemu, auzungushie maboma na kambi za askari, na chuma kisimame kuwa ukuta. Huyo alikuwa mtu mzima, tena kuhani. Mji mzima aliuweka juu ya tofali ili watu waone kwa macho yale ambayo hawakutaka kuyasikia kwa masikio. Someni pia 1 Mambo ya Nyakati sura ya 28, namna Daudi alivyompa Sulemani mfano wa hekalu kabla jiwe la kwanza halijawekwa.

Tuje kwenye kazi yenyewe.

Tunataka lori la kubeba mpunga. Kabla ya kukata waya, mtoto apime. Hapa ndipo mahali pa maana kuliko pote, na ndipo wengi huruka. Chukueni kipimo cha 1 kwa 20. Lori ambalo sehemu yake ya mzigo ina urefu wa mita 6 na upana wa mita 2 na sentimita 40, ukigawanya kwa 20 unapata sentimita 30 kwa 12. Gurudumu lake la mita 1 linakuwa sentimita 5. Mwachie mtoto agawanye mwenyewe kwa kalamu na karatasi. Akikosea, lori litamwambia, maana litakuwa na magurudumu ya trekta na kichwa cha pikipiki. Hesabu aliyoichukia darasani ataifanya hapa bila kulazimishwa.

Vifaa ni hivi: waya wa kufungia vyuma vya ujenzi, mita 4 au 5, koleo, ile plaisi ya fundi, rula, malapa yaliyochakaa, vipande vya tyubu kuukuu ya baiskeli, na katoni. Kifuniko cha soda kina upana wa karibu sentimita 3, kwa hiyo kwa kipimo chetu ni gurudumu la sentimita 60. Hilo latosha pikapu au gari dogo. Kwa lori kata duara za sentimita 5 kutoka kwenye malapa. Duara sita zatosha, nne za nyuma na mbili za mbele.

Anza na fremu ya chini. Kunja waya uwe mstatili wa sentimita 30 kwa 12. Mzunguko wake ni sentimita 84, lakini kata 90 ili sita zilizobaki zizungushwe pamoja kufunga. Tengeneza mstatili wa pili sawa na huo. Simamisha nguzo nne za sentimita 10 katikati ya mistatili hiyo miwili, na kila pembe uifunge kwa utepe mwembamba wa tyubu ukiuvuta sana. Tyubu hushika waya kuliko gundi. Sasa mtoto abonyeze kwa kidole pembe moja. Mstatili utalala upande kama kiti kibovu. Asivunjike moyo, aweke waya mmoja wa mshazari kutoka pembe ya chini hadi pembe ya juu ya ng'ambo. Abonyeze tena. Haulali! Hiyo ni pembetatu, na ndiyo hiyo fundi anaiweka kwenye paa la nyumba yako na kwenye geti. Ukitaka kumfundisha mtoto jambo moja tu katika somo hili, mfundishe hilo la mshazari.

Kichwa cha lori hufanywa vivyo hivyo, kifupi. Ekseli ni waya ulionyooka uliopita katika vitundu vidogo vya waya uliokunjwa, usikazwe, la sivyo gurudumu halizunguki. Ekseli ya mbele ifungwe katikati peke yake ili igeuke, na kutoka hapo utoe waya mrefu hadi kiunoni mwa mtoto, wenye usukani juu. Pande za lori ni katoni. Gundi yake ni uji wa unga wa ngano: vijiko viwili vikubwa vya unga kwa kikombe cha maji, ukoroge ukiwa motoni mpaka uwe mzito. Kwa mtoto mdogo sana anza na mkokoteni wa ng'ombe, una magurudumu mawili tu na hauna usukani.

Maonyo machache. Gundi ya viatu isitumiwe na mtoto, tunajua imewapeleka wapi vijana wa mitaani. Ncha za waya zikunjwe kwa ndani zisitoboe macho. Nyaya za umeme zisichomwe moto ili kupata shaba, moshi wake ni sumu. Na waya wa ua wa jirani au wa shule si mali ya kuchezea, hata ukiwa umelala chini. Mtoto akileta waya nyumbani, muulize umetoka wapi.

Mzazi naye ana sehemu yake. Kumrushia mtoto waya na kwenda zako haitoshi. Mama yuko na kazi, baba yuko mpunga, lakini katika nyumba nyingi kuna guka au cucu ameketi. Huyo ndiye mwalimu. Guka aliyekuwa kimya wiki nzima ataanza kusema, "Lete hapa nikuonyeshe," na mtoto atajibu, "Guka, nishikie upande huu." Wasichana pia wapewe koleo. Hakuna andiko linalosema waya ni wa wavulana.

Kina mama wa vikundi watauliza: je, hii italeta pesa? Kwa maoni yetu, kidogo sana. Lori moja ni kazi ya siku mbili au tatu, na mnunuzi hapatikani kila soko. Msichukue mkopo wa chama kwa ajili ya vigari, wala msimfanye mtoto kuwa kiwanda. Akianza kupigwa kwa sababu lori la kuuza halijaisha, atarudi mferejini.

Faida ya kikundi iko kwingine. Tuseme kikundi chenu kinataka kujenga banda la kuku la mita 3 kwa mita 2. Kabla ya kununua mbao, tengenezeni la katoni kwa kipimo cha 1 kwa 10, sentimita 30 kwa 20, mliweke mezani siku ya mkutano. Banda hilo ni mita 6 za mraba. Kuku wa kutaga wanne au watano kwa mita moja ya mraba, basi ni kuku 24 hadi 30, si 60 kama mwenyekiti alivyoota. Kateni kipande cha katoni cha sentimita 6, hiyo ndiyo wilbaro yenu. Je, inapita mlangoni kutoa mbolea? Mlango wa sentimita 5 katika katoni ni mlango wa nusu mita katika mbao, na mtabeba mbolea kwa ndoo miaka yote. Mama asiyejua kusoma ramani ya fundi ataliona kosa hilo kabla ya katibu. Katoni hukatwa tena kwa wembe bila gharama, lakini mbao iliyokatwa vibaya imekwisha kukatwa.

Tena msingoje ugonjwa mwingine. Mafuriko ya 2024 yalipokuja, shule zilizokuwa zifunguliwe tarehe 29 Aprili zilifunguliwa tarehe 13 Mei, na mifereji ilikuwa imejaa. Kila likizo ya Agosti na Desemba ni vivyo hivyo.

MASWALI YA KUJADILI KATIKA KIKUNDI

1. Wakati shule zilipofungwa 2020, watoto wa kijiji chetu walishinda wapi? Ni nani aliyekuwa akiwaangalia?

2. Ni mzee gani katika eneo letu anayejua kazi ya waya, mbao au ufinyanzi, na tumewahi kumwomba afundishe?

3. Someni Ezekieli 3:24 hadi 4:3. Kwa nini nabii aliagizwa kutengeneza mfano badala ya kuhubiri tu?

4. Kazi ya nyumbani: kabla ya mkutano ujao, kila watu watatu watengeneze kwa katoni kitu ambacho kikundi kinapanga kujenga, kwa kipimo cha 1 kwa 10, na walete rula.